Kaunta Iliyokatwa Kifudifudi

Tangu tuhamie Newala mke wangu alikuwa akipika ameinama. Nyumba yetu ilipokwisha kuezekwa alisema kwamba sasa anataka kupika amesimama wima, kama mtu anayehutubia. Alitaka kaunta ya jiwe jeusi, ianzie karibu na mlango, ipite chini ya dirisha, kisha ikate kona kufuata sinki. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, mtu wa Singida, nikaona hilo ni suala la kupima tu.

Fundi alikuja na futi yake akapima ukuta. Akapima tena, akapata namba nyingine. Nilipomshikia ncha ya futi, ikatoka namba ambayo hakuna kati yetu aliyeitegemea. Mwishowe akarudi nyuma hadi mlangoni, akafumba jicho moja, akaniambia kwa upole, kama daktari anayetoa majibu, kwamba ukuta wangu una tumbo. Kweli ulikuwa umevimba katikati, na kona yake ilikuwa imejaribu tu kuwa kona. Saruji na matofali ya kubebea kaunta aliweza kukadiria kwa macho, lakini jiwe likikatwa vibaya, alisema, hakuna namna ya kulibembeleza.

Basi tukaomba maboksi madukani, ya friji na ya runinga. Tukayaunganisha kwa solotepu, na fundi akayakata kwa wembe kufuata ukuta na tumbo lake, akatoboa na tundu la sinki. Mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu alipotoka Lupaso, alikuja kutazama. Aliuliza kama hiyo ndiyo kaunta yenyewe. Akajibiwa kuwa hiyo ni sura yake tu. Alilinyanyua boksi kwa mkono mmoja, akasema kwa wepesi ule itafaa sana. Fundi akachukua mkaa akaandika kwa herufi kubwa, JUU, ili wakata mawe wa Masasi wasije wakaligeuza.

Nilimpigia simu dereva wa lori ninayemfahamu, nikamwambia kesho nina jiko langu nalipeleka Masasi, tafadhali anitunzie nafasi ya mbele. Akanipongeza sana. Sikuelewa pongezi zile mpaka asubuhi, nilipomkuta amefagia kiti, amekitandika khanga mpya na kuvaa shati la mikono mirefu. Alidhani nimeoa mke wa pili.

Alilitazama boksi kwa muda.

"Ndiye huyu, mwalimu?"

Nikamwambia ndiye.

Mawingu yalikuwa yametanda upande wa Tandahimba, na sote wawili tuliona kuwa boksi halipaswi kulowa. Likakaa mbele juu ya khanga. Mimi nikapanda nyuma, kwenye magunia matupu ya korosho, na mvua ikanipata kabla hatujamaliza kuteremka mlima. Kila tuliposimama nilimsikia dereva akiwaeleza watu kuwa mwenye mzigo yuko nyuma, na watu wakaja kunipa pole bila kuuliza ya nini.

Mkata mawe wa Masasi alikuwa mtu makini. Alikuwa amelilaza jiwe langu kifudifudi, uso unaong'aa ukiwa chini usije ukakwaruzwa. Akatandika boksi juu yake, neno JUU likitazama juu kama lilivyoandikwa. Akaniomba nisome. Nikasoma. Akachora, akakata, na kila mmoja wetu aliridhika.

Jiwe lilipofika Newala, wanaume walilibeba wakihema, wakalipindua ili mng'ao uwe juu, wakaliingiza jikoni. Kushoto kukawa kulia, na tundu la sinki likaangukia mlangoni. Wakalizungusha, likaangukia katikati ya chumba. Mke wangu alivua kandambili zake akakaa juu ya jiwe, akatazama dirisha ambalo kaunta yake ilikuwa imeligeuzia mgongo. Fundi alipendekeza tuzibe mlango na kutoboa mwingine upande wa pili. Mimi nilipendekeza tulilaze kifudifudi na kupika kwenye mgongo wake. Mke wangu alinitazama, nikaacha kupendekeza.

Ndipo mama mkwe akatoka chumbani mwake, ng'ambo ya korido. "Huku kwangu," alisema, "kumekaa kinyume na huko."

Tukatoa kitanda chake. Fundi akaligeuza lile boksi, JUU ikiwa chini, akalisukuma ukutani. Likaingia. Liliingia hata kwenye tumbo, maana aliyejenga ukuta wa jikoni ndiye aliyejenga na wa chumba kile, na alikuwa amekosea sawasawa pande zote mbili. Fundi alipapasa ule uvimbe kwa kiganja akasema hajawahi kuona mtu mwaminifu namna hiyo.

Kilichobaki kilikuwa aibu yangu. Nilimwambia mama mkwe kwamba siwezi kumtoa chumbani nikamlaza jikoni, ndugu zake wa Lupaso watasema nini. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Baba," alisema, "mimi nimelala kwenye vibanda vya shamba msimu mzima wa korosho. Bomba ndilo sijawahi kulala nalo."

Kitanda chake kikawekwa chini ya dirisha la jiko la zamani, na sinki letu la awali likabaki palepale, mguuni pake. Tulivuta bomba jingine hadi kwenye kaunta, na mke wangu sasa anasonga ugali amenyooka, chini ya ndoano ya chandarua ambayo bado iko darini. Mama mkwe anatia udhu bila kutoka chumbani. Wageni wake wakija huwakaribisha kitandani, akafungua maji kidogo wayasikie, kisha akayafunga. Nikipita koridoni asubuhi namwamkia shikamoo kupitia mlangoni. Siku ambayo maji yanatoka, marahaba yake huja na mchirizi. Yakikatika, hunijibu kwa huzuni, na mimi humwambia pole.