Herufi Moja na Namba Saba

Wanda Pietrowski alikuwa mlinzi, ila mlinzi asiye na rungu wala kofia. Alilinda maneno ya siri ya kompyuta kuu ya kampuni ya bima pale Hartford. Dude lenyewe lilikaa chini ya jengo likinguruma, kubwa kama mafriji sita yaliyopangwa mstari, na chumba chake kina baridi ya kutunzia nyama. Ofisi zote za kampuni zilifanyia kazi humo, hadi ile ya Duluth kule kwenye theluji. Ukikosea neno lako la siri mara tatu, dude linakufungia nje, na hakuna wa kukufungulia isipokuwa Wanda, kwa simu.

Na alikuwa mkali, jamani! Asubuhi anapita meza kwa meza akifunua kibodi za watu, na akikuta kikaratasi chenye neno la siri, anakichana mbele ya mwenyewe. "Neno la siri haliandikwi!" Miaka kumi na tisa wimbo ni huo huo.

Sasa, huko Duluth alikuwepo karani mmoja, Merle Odegaard, mgane, kama Wanda alivyokuwa mjane. Hawajawahi kuonana hata kwa picha. Kila baada ya siku thelathini dude linamlazimisha kila mtu abadilishe neno lake. Na kila baada ya siku thelathini, saa nne asubuhi, simu ya Wanda inalia.

"Afande, nimefungiwa nje tena."

"Wewe mzee, kichwa chako kimetoboka?"

"Hakijatoboka, kimeganda. Huku leo hata mkojo wa mbwa unasimama wima."

"Jina la mbwa wako wa kwanza?" Ndilo swali lililokubaliwa la kumtambua.

"Gus. Aliniibia soseji tatu siku ya harusi yangu."

"Nimeuliza jina, sijauliza kesi."

Kisha Wanda anampa neno la muda la kumfungulia mlango. Sheria ilitaka vitu vinane, herufi na namba zichanganyike. Yeye alichukua chakula alichokula jana. Leo pierogi, zile sambusa zake za kuchemsha, na saba nyuma yake. Mwezi ujao barszcz, ile supu ya bitiruti ya mama yake, ambayo mtu wa Duluth haiwezi mpaka atajiwe herufi moja moja, polepole, tena na tena. Mbona hakumpa neno rahisi? Muulize mwenyewe.

Halafu kulikuwa na rekodi za dude. Zilionyesha Merle anakosea mara tatu ndani ya sekunde nne. Mtu anayejaribu kweli kukumbuka huwa anakuna kichwa kwanza! Wanda aliziona rekodi hizo miaka kumi na moja, akanyamaza, akazifunga.

Kitu kimoja tu kilimuuma. Merle akishaingia, anachagua neno lake mwenyewe, na neno hilo dude lilimficha kila mtu, hata Wanda. Usiku mwingine alilala anajiuliza: anaandika nini huyu?

Mkuu wake, Curtis, akaja na habari njema, yeye akidhani ni njema. "Mama, kuanzia Jumatatu utapumzika. Watu watabonyeza simu, sauti ya mashine itawafungulia. Barua imeshaenda ofisi zote."

"Na mimi?"

"Utapanga mafaili."

Ijumaa saa nane simu ikalia.

"Siku zako bado, Merle. Neno lako lina siku kumi na mbili tu."

"Najua. Gus," akasema kabla hajaulizwa.

Wanda akasubiri. Omba namba ya nyumbani, mwanaume wewe, omba! Lakini simu za kitengo chake zilirekodiwa, mambo ya binafsi yalikatazwa, na watu wa Duluth wana aibu hata ya kuomba chumvi mezani.

"Basi nipe chakula cha mwisho, afande."

"Leo si chakula. Ni herufi W, halafu namba saba." Akazitaja zote saba, moja moja. Msimbo wa simu za Hartford Merle alikuwa nao, ndio huo huo alioupiga miaka kumi na moja. "Na Merle... liandike."

"Nini?"

"Chukua kalamu. Andika kwenye karatasi."

"Wewe? Wewe ndiye unaniambia niandike?"

"Umenisikia."

Simu ikakatika. Dakika mbili baadaye rekodi ikaonyesha ameingia na amebadilisha neno. Lakini je, ameandika? Hilo hakuna dude la kumwambia.

Jumamosi dada yake, Halina, alipiga. Wanda akamwambia sufuria inaungua, akakata. Halina akapiga tena, akaambiwa kuna mtu mlangoni. "Mtu gani? Wewe hata posta hawaji kwako!" Akakatiwa vilevile. Jumapili Wanda hakwenda kanisani. Alikaa jikoni akikunja pierogi zaidi ya sitini, za mtu mmoja, huku anaitazama simu ya ukutani kama mama anavyomtazama mtoto mwenye homa.

Saa tisa ikalia. Mikono imejaa unga. Akainyanyua hivyo hivyo.

"Halina, kama ni wewe—"

"Afande," ikasema sauti, "nimefungiwa nje."

Wanda akavuta kiti, akaketi. Waya wa simu ulikuwa mweupe kwa unga.

"Jina la mbwa wako wa kwanza?" akauliza, na safari hii akamwacha amalize kesi yote ya soseji.