Kuku Wawili wa Mnadani

"Kuku wa shule hii akifa kwa ugonjwa, mimi Enock Mughwai nitalala bandani mwenyewe, na alfajiri nitawawikia!"

Maneno hayo aliyatoa mwezi wa tatu kwenye mkutano wa wazazi, amesimama juu ya benchi la darasa la pili wakati nafasi ya kusimama chini ilikuwepo. Wazazi walicheka mpaka Mzee Andrea, mwenyekiti wa kamati ya shule, akagonga meza na bakora yake. Lakini hakuna aliyebisha. Enock ni mtu wa kuku. Amewabeba tangu alipomaliza la saba: kwanza tenga moja kichwani, kisha mawili kwenye baiskeli, na siku hizi matatu kwenye pikipiki. Anakusanya vijijini, anauza mnadani Ikungi, na wanaobaki anawapeleka barabara kuu ya Dodoma na kuwanyanyua miguu juu mbele ya madirisha ya mabasi. Kuku anampima uzito kwa mkono mmoja huku mkono wa pili umeshika simu, na akikosea anakosea kwa robo kilo tu, siku zote upande wa faida yake.

Kwa hiyo kamati ilipoanzisha mradi wa kuku wa shule, nani mwingine angepewa? Ujumbe wa kamati hauna posho. Kuna soda mara moja kwa mwaka, na ya mwaka jana ilikuwa ya moto. Enock alijitolea kwa sababu anapenda kuitwa "mjumbe" mbele ya wateja, na pia, tusimwonee, kwa sababu ya mayai. Lilikuwa wazo lake kwamba kila Ijumaa watoto wa darasa la awali, wote thelathini na mmoja, wapate yai moja moja la kuchemsha pamoja na uji. Ijumaa ya kwanza alikuja kuangalia. Akaona katoto kanakula yai na ganda lake, hakataki kupoteza hata chembe. Enock akageuka ghafla, akajifanya anakagua bati.

Mwenzake wa bandani alikuwa Sikudhani, mjumbe pia, mama anayeongea kama vile kila neno analinunua. Yeye alifagia banda na kuleta pumba kutoka mashine ya shemeji yake, bure. Enock alibaki na jambo moja tu: chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza banda zima; tone moja kwenye jicho la kila kuku, kila baada ya miezi mitatu.

"Hilo la chanjo mniachie mimi," alisema kwenye kikao, "kuanzia kununua mpaka kudondosha."

Wakamwachia.

Mwezi wa sita zamu ya chanjo ikafika, na alizeti nayo ikawa imevunwa. Watu wana hela, kuku wanatembea sokoni kama wana miadi. Enock alisema Jumamosi. Jumamosi akasema Jumamosi ijayo. Kwenye kikao, Mwalimu Clement, mwalimu mkuu na katibu wa kamati, akauliza, "Mjumbe, chanjo?"

"Tayari, Mwalimu."

Kichwani mwake ilikuwa tayari kweli. Ilibaki kwenda dukani.

Wiki hiyo hiyo alienda mnadani na kuku kumi na wanne, akauza kumi na wawili. Wawili waliobaki aliona uvivu kuwarudisha nyumbani halafu awabebe tena asubuhi hadi barabarani. Banda la shule lipo pale pale njiani, na ufunguo anao yeye. Akawaingiza wapumzike na wenzao. Haikuwa mara ya kwanza. Mmoja kati ya wale wawili alikuwa anasinzia, mabawa yamemshuka kama mtu aliyevaa koti la kaka yake. Na Enock alimwona, hapo ndipo penye shida yote. Miaka ishirini ya kuku, alimwona vizuri kabisa, akajiambia ni uchovu wa safari. Asubuhi akawatoa, na yule msinziaji akamuuza kwa dereva wa lori, akimsifia upole.

Siku ya sita kuku wa shule wakaanza kusinzia. Kinyesi kikawa cha kijani, shingo zikajipinda. Walikuwa sitini na wanne. Ndani ya siku nne wakabaki watatu, wanatembea kwenye banda kubwa kama wamefika kwenye sherehe iliyoahirishwa.

Kamati ikaitwa haraka. Enock akamwamkia Mzee Andrea shikamoo kwa sauti ndogo hadi mzee akauliza kama anaumwa. Mwalimu Clement ndiye aliyefungua.

"Kideri hakiwezi kuwa, maana mjumbe alishachanja. Kwa hiyo tuangalie chakula. Kwenye semina tulifundishwa sumu kuvu. Pumba zikipata unyevu, basi, zinaua."

Macho yote yakaenda kwa Sikudhani.

"Kuku wangu nyumbani wanakula pumba hizo hizo," alisema. "Ni wazima."

"Labda wako wamezoea, Mama Stumai," akasema Mzee Andrea, na hata yeye mwenyewe akaona jibu lake ni bovu, akamgeuzia Enock swali haraka. "Baba Jesca, wewe ndiye daktari wetu hapa. Pumba zinaweza kuua?"

Enock alitazama kucha za miguu yake. Angeweza kusema neno moja tu. Alisema matatu.

"Pumba zinaweza, mzee."

Sikudhani akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi ni mimi." Hakulia wala hakubishana. Angebishana kidogo tu, Enock angepata pa kushikia hasira. Kamati ikaamua kwamba mkutano wa wazazi wa mwezi ujao ndio utakaofuta jina lake kwenye orodha ya wajumbe. Wiki haijaisha, watu kisimani wakawa wanamwita Mama Sumu, na mashine ya shemeji yake ikakosa wa kununua pumba.

Ijumaa iliyofuata Enock alipita shuleni kwa jambo ambalo hata leo hawezi kulitaja, kwa sababu hakuwa na jambo. Akakuta watoto wa awali wamepanga mstari na vikombe vyao, na Sikudhani anaingia getini na ndoo kichwani. Alitua ndoo, akachomeka mkono ndani ya pumba na kutoa yai. Kisha jingine. Alikuwa amepanga mayai ndani ya pumba zile zile yasipasuke njiani. Thelathini na moja, ya kuku wake mwenyewe, tayari yamechemshwa.

"Mama Stumai, hujalazimishwa," Enock alisema.

"Ni mimi niliyewakosesha, Baba Jesca. Ngoja nilipe kidogo kidogo."

Akamkabidhi yai moja ampe mtoto aliyekuwa karibu naye. Lilikuwa bado la moto. Enock alilishika kama ameshikishwa kaa la mkaa, akampa mtoto, na mtoto akamwambia, "Asante, mjumbe." Akaondoka bila kuwasha pikipiki, akaisukuma hadi barabarani.

Nyumbani alitegemea angalau kupumzika. Lakini alimwoa Agnes, na Agnes anahesabu. Alikuwa anapepeta mtama uani, akamuuliza bila kuinua uso, kwa Kinyaturu, lugha anayotumia akiwa hana mchezo: siku ile ya mnada uliondoka na kumi na wanne, ukauza kumi na wawili. Tenga lilirudi tupu. Wale wawili walilala wapi?

"Kwa rafiki," Enock akajibu.

"Rafiki ana banda kubwa?"

Enock akachukua tenga kwenda kuliosha. Agnes naye akaendelea kupepeta. Ijumaa ya pili Sikudhani alikuja tena na ndoo. Ijumaa ya tatu Enock alisimama mbali, nyuma ya choo cha walimu, mahali ambapo mjumbe wa kamati hana sababu ya kusimama, akamwona akihesabu mayai mara mbili. Yalikuwa ishirini na saba. Kuku wake walikuwa wamepunguza kutaga. Akayakata manne ya mwisho katikati kwa kisu, ili watoto wanane wa nyuma wapate nusu nusu. Siku hiyo Enock alipita vijijini bila kununua kuku hata mmoja.

Mkutano wa wazazi ukafika. Benchi la darasa la pili lilikuwa pale pale. Mwalimu Clement alisoma ajenda, akafika kwenye jina la Sikudhani, akauliza kama kuna mjumbe mwenye neno kabla halijafutwa. Enock akasimama, safari hii chini.

"Pumba hazijaua kitu," alisema. "Kuku wamekufa kwa kideri. Kideri nilikileta mimi, kwenye kuku wawili niliowalaza bandani. Mmoja nilimwona anaumwa."

"Si ulichanja?" Mwalimu Clement aliuliza. "Ulisema tayari. Nimeandika humu."

"Nilisema. Sikuchanja."

Mwalimu Clement akalifunga daftari lake. Halafu nyuma kabisa, sauti ya kiume ikapanda, "Kokoliko!" Ukumbi ukalipuka. "Wika, mjumbe! Ulituahidi!" "Godoro lako umelipeleka bandani?" Mzee Andrea aligonga meza hadi bakora ikateleza mkononi. Enock alifungua mdomo. Alikuwa tayari kuwika, kweli kabisa. Angewika hadi jioni kama ndiyo ingekuwa bei yake.

Sikudhani akasimama. Wakamnyamazia wao wenyewe, labda kwa sababu ya aibu, labda kwa sababu anasimama mara chache.

"Asiwike," alisema. "Mimi sitaki awike. Nataka awaambie wazazi chanjo ni shilingi ngapi."

Yeye anawachanja kuku wake kila baada ya miezi mitatu. Tena ni Enock aliyemfundisha kudondosha tone. Bei aliijua. Alibaki amesimama, anasubiri.

"Mwambie, Baba Jesca," alisema Agnes kutoka upande wa akina mama.

Enock akavua kofia.

"Kichupa kimoja kinachanja kuku mia," alisema. "Ni shilingi elfu tano."