Kadi ya Kwenda Msalani

Kazini kwetu, ghorofa ya pili, palikuwa na kadi moja tu ya kwenda msalani, nasi tulikuwa watu thelathini na wanne. Ilikuwa ya plastiki, ya manjano, ikining'inia kwa kamba kwenye msumari kando ya meza ya msimamizi wetu. Ukiichukua unaandika jina lako na saa kwenye daftari. Ukirudi unaandika saa tena. Ukipitisha dakika kumi, unaitwa kujieleza.

Na choo chenyewe hakikuwa ndani ya jengo. Vyoo vya ghorofa yetu vilifungwa kwa kufuli tangu bomba lilipopasuka, na mlangoni pakabandikwa karatasi: "Ukarabati unaendelea." Wino ulififia, ikabandikwa karatasi nyingine. Fundi hatukumwona. Tulikuwa tunashuka ngazi, tunampita soja, yaani mlinzi wa lango, tunavuka barabara hadi kituo cha mafuta, ambako binti mmoja wa pampu alituzoea mpaka akawa anatucheka: "Kwani serikali yote inakuja kukojoa kwetu?"

Vyoo vizima vilikuwa ghorofa ya tano, kwa wakubwa. Ukionekana huko bila karatasi mkononi, unaulizwa umepotea wapi.

Hilo lilikuwa shirika la umma. Jina silitaji, wanaolijua wanalijua, na wasiolijua wana la kwao. Mimi nilikuwa karani wa masjala, mtunza mafaili, kwa miaka kumi na sita. Nilikuwa naishi mtaa wa Kayole, na bado naishi huko, ghorofa ya nne, mimi na binti yangu. Kazi ile ndiyo iliyomsomesha. Ndiyo maana nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Kadi ililetwa na meneja wa utumishi. Alikuwa mtu mtanashati, mwenye sauti ya upole, na matusi yake aliyatoa kwa sauti hiyohiyo ya upole. Mkutano wa Jumatatu asubuhi ulikuwa wake. Alituita "watu wa pili", na hakumaanisha ghorofa peke yake. Alipenda kutukumbusha kwamba nje ya lango kuna vijana wenye digrii wanaoweza kufanya kazi yetu kwa nusu ya mshahara. Wakati huohuo ghorofa ya tano iliwekewa zulia jipya na viti vya ngozi, na viti vya zamani, vizima kabisa, vikatupwa uani vinyeshewe. Wakubwa wakaenda Pwani siku tano, hotelini, kwa semina. Barua ya semina ilipita mikononi mwangu. Ilisema semina ilihusu kuboresha mazingira ya kazi.

Meza iliyopakana na yangu ilikuwa ya msichana wa Ukambani aliyekuwa akiishi mtaa wa Huruma. Aliniita auntie. Kila Jumatatu alikuja na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye kopo, tukala pamoja nyuma ya rafu za mafaili. Alikuwa na mimba ya kwanza, na mimba ile ilimlalia kwenye kibofu. Kila baada ya muda mfupi aliinuka kuitazama kadi, kama ipo.

Asubuhi moja haikuwepo. Alingoja. Akaenda kumwomba msimamizi, mama wa makamo aliyelinda daftari lile kama Biblia, naye akamwambia, "Dada, ngoja irudi. Mimi pia nimeandikiwa sheria." Akangoja tena. Mwishowe akashuka bila kadi. Soja akamzuia langoni.

"Madam, bila kadi nitafutwa mimi."

Nilikuwa nimeamua kumfuata. Nilipofika kwenye ngazi za chini nilimkuta amesimama wima, mikono miwili ameshika ukuta, na maji yanamtiririka hadi kwenye viatu. Watu walikuwa wanapita. Hakulia. Aliniambia tu, "Auntie, usiniangalie."

Nilivua sweta nikamfunga kiunoni, soja akatupisha bila kuuliza kadi, nikampeleka hadi stejini, akapanda matatu kwenda kwao.

Jumatatu iliyofuata alikuja kazini. Meneja akasimama mbele yetu, akatabasamu, akasema kuna watu wanadhani ofisi hii ni wodi ya wazazi. Mtu mzima asiyeweza kujizuia, akasema, na avae nepi. Wachache walicheka. Mimi sikucheka. Lakini nilitabasamu, jinsi mtu anavyomtabasamia mbwa asiyemjua. Nilipogeuza uso nikaona msichana yule ananitazama.

Hakumaliza wiki hiyo. Alileta barua ya kuacha kazi, na kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu, niliipiga muhuri nikaiweka kwenye faili.

Baada ya miezi michache tukasikia kamati ya bunge inakuja kutukagua. Magazeti yalikuwa yameanza kuandika juu ya safari, viti na malalamiko ya wafanyakazi. Ghafla shirika likaamka. Ukuta wa kutoka langoni hadi kwenye lifti ukapakwa rangi. Vyungu vya maua vikakodishwa. Kadi ya manjano ikatoweka msumarini, kisha na msumari ukang'olewa. Tukapewa karatasi yenye maswali na majibu, tuyakariri. Swali: Mazingira ya kazi yakoje? Jibu: Ni mazuri na yanazidi kuboreshwa.

Mlango wa choo chetu ukazibwa kwa kabati la chuma. Meneja alikuja masjala mwenyewe.

"Lijaze mafaili ya zamani," akaniambia. "Lisionekane tupu."

Nilikuwa nayapanga mafaili hayo nilipofungua moja la kazi za ujenzi. Ndani yake kulikuwa na ripoti kwamba vyoo vya ghorofa ya pili vimekarabatiwa, kazi imekaguliwa, imekamilika na imelipwa. Picha ziliambatanishwa. Nilizitambua mara moja. Marumaru yale meupe na kioo kile chenye fremu ya dhahabu vilikuwa vya ghorofa ya tano. Aliyepiga picha hata hakujisumbua kuondoa ua la plastiki la mkurugenzi.

Kabati nikalijaza. Faili lile nikaliacha mezani pangu, chini ya mengine.

Jioni nilimweleza binti yangu tukichambua sukuma wiki. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Mathe, si useme tu?"

"Nikifutwa?"

"Tutakula sukuma. Kwani saa hii tunakula nini?"

Sikulala vizuri, nikimfikiria marehemu baba yangu. Alitoka mkoa wa Magharibi akiwa kijana, akafanya kazi kanjo, yaani baraza la jiji, mpaka alipostaafu, na kazi yake ilikuwa kuosha vyoo vya umma. Tulipokuwa watoto tuliona haya. Yeye hakuona. Alikuwa akisema ukitaka kujua wakubwa wa mahali wanawaonaje watu, usitazame lango lao, ingia chooni. Nilijiuliza baba huyo angesema nini akiniona mimi, mwanawe wa kwanza, nikipanga mafaili ili kuficha choo.

Kamati ilifika siku ya pili yake saa nne. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi na viatu vya chini, asiye na haraka. Nyuma yake walikuwa wabunge wenzake, wakaguzi wawili na mkurugenzi wetu, na mbele ya wote meneja wa utumishi akiwaongoza kwa mkono, kana kwamba anawaonyesha nyumba yake. Ghorofa yetu ilitengewa dakika tano. Tulisimama kando ya meza zetu.

"Kuna mwenye neno?" mwenyekiti akauliza. "Semeni msiogope."

Meneja alikuwa anatutazama mmoja mmoja. Nilisikia sauti yangu kabla sijajua kwamba nimefungua mdomo.

"Mheshimiwa, uliza choo kiko wapi."

Meneja akacheka kidogo. Akamwinamia mwenyekiti, akasema kwa ile sauti yake ya upole, lakini sote tulisikia, "Mheshimiwa, utamsamehe huyu mama. Ana matatizo ya nyumbani."

"Sina matatizo ya nyumbani," nikasema. "Nyumbani nina choo."

Mtu akaguna nyuma. Nikaenda kwenye kabati nikalisukuma. Halikusogea, nilikuwa nimelijaza vizuri mno. Nikaliegemea kwa bega, miguu ikawa inateleza sakafuni, na nilihisi uso unawaka kwa aibu maana watu wote wale walikuwa wananitazama nikihangaika na kabati. Ndipo akaja mtu kando yangu, akaweka mikono. Alikuwa msimamizi wetu, mama wa daftari. Wakaja wengine watatu, kabati likalia sakafuni, mlango ukaonekana na kufuli lake.

"Ufunguo," mwenyekiti akasema.

"Uko kwa mkandarasi, mheshimiwa," meneja akajibu. "Tunaweza kupanga siku nyingine."

Mwenyekiti akavuta kiti changu, akaketi. "Tutangoja."

Tulingoja karibu saa nzima. Chai ya wakubwa ilipoa ghorofa ya tano. Mwishowe soja akaitwa, yule yule wa langoni, akalivunja kufuli kwa chuma. Ndani hakukuwa na choo. Masinki yalikuwa yameng'olewa, mabomba yanaonekana ukutani kama mifupa, na sakafuni kulikuwa na lundo la maboksi na plastiki vilivyokuja na vile viti vya ngozi. Harufu ya vumbi na panya ikatutokea usoni. Nikarudi mezani, nikachukua faili, nikampa mkaguzi mmoja mkononi.

"Humu imeandikwa kazi imekamilika," nikamwambia.

Ningependa kusema kwamba waovu walianguka siku hiyo. Kilichotokea ni kwamba keshoye nilipewa barua. Nilitakiwa kueleza kwa nini nisiadhibiwe kwa kuvuruga ziara rasmi na kusogeza samani za ofisi bila idhini. Nikajibu kwa mistari miwili: "Nilisogeza kabati. Lilikuwa limeziba choo." Kabla ya wiki kwisha nikahamishiwa bohari ya shirika, kule viwandani, kutunza matairi chakavu na mashine zilizokufa. Wenzangu kadhaa wakaacha kupokea simu zangu. Sikuwalaumu. Nami nilikuwa nimeishi hivyo miaka mingi.

Kisha kamati ikaniita nikatoe ushahidi. Kabla sijaenda, nilikwenda Huruma kumtafuta msichana yule. Nilimkuta kwenye chumba kimoja, ghorofa ya sita, anamnyonyesha mtoto. Nguo zilikuwa zimeanikwa kutoka ukuta hadi ukuta, ikabidi niiname.

Nilimwambia nilichokuja kusema. Kwamba siku ile ya nepi nilitabasamu, na kwamba naomba anisamehe.

"Nilikuona, auntie," akasema.

Alimhamisha mtoto upande wa pili.

"Waliocheka hawakuniuma," akasema. "Wewe ulikuwa umenifunga sweta."

Nikamuuliza kama ananiruhusu kueleza kisa chake mbele ya kamati, bila jina.

"Sema," akasema. "Lakini ukisema, sema yote. Hata kutabasamu kwako useme."

Nikayasema yote. Kwenye ukumbi ule wenye vipaza sauti, mbele ya watu waliovaa tai, nilieleza habari ya kadi, daftari, ngazi, wodi ya wazazi na nepi. Nikaeleza pia kwamba mimi nilitabasamu kwa sababu niliogopa kupoteza kazi, na kwamba mahali panapowafanya watu wazima watabasamu namna ile hapawezi kuponywa kwa semina. Wakili wa meneja akainuka. Aliniuliza mara tatu, kwa maneno tofauti, nani alinituma.

"Kibofu changu," nikasema mara ya tatu.

Ukumbi ulicheka, hata mwenyekiti, lakini mimi sikuwa natania.

Meneja alisimamishwa kazi uchunguzi ukiendelea, na sijasikia kwamba umekwisha. Mkurugenzi alisema hakuwa na habari, akabaki kitini. Pesa za vyoo hazijarudi. Lakini vyoo vya ghorofa ya pili vilijengwa, safari hii kwa kweli. Msimamizi wetu alinipigia simu siku vilipofunguliwa, akavuta maji nisikie, tukacheka kama wasichana wa shule.

Kisha ofisa mpya wa utumishi akaniita makao makuu. Alikuwa kijana mwenye adabu, alinikaribisha kiti na chai. Akasema shirika linataka kufungua ukurasa mpya, na kwamba naweza kurudi masjala, kwenye cheo changu, hata kupanda kidogo. Kilichobaki ni saini. Akanisukumia karatasi. Ilikuwa barua fupi, imeshaandikwa kwa jina langu, inayosema nasikitika kwa jinsi nilivyojibeba siku ya ziara.

"Ni utaratibu tu, mama," akasema. "Hakuna atakayeisoma."

"Kama hakuna atakayeisoma, ya nini?"

Akapangusa miwani. Akaniambia nifikirie umri wangu, pensheni yangu, mwendo wa kila siku kutoka Kayole hadi bohari. Aliyosema yote yalikuwa kweli. Goti langu la kushoto halipendi asubuhi za baridi, na bohari haina hata dirisha la maana.

"Kijana wangu," nikamwambia, "mtu niliyetakiwa kumwomba msamaha nilimwendea Huruma, ghorofa ya sita, kwa miguu. Nyinyi mmebaki mnanidai nini?"

Nikamaliza chai yake, kwa sababu ilikuwa nzuri na ilikuwa ya umma. Nikamwachia karatasi pale mezani, bila saini, kama alivyonipa, nikarudi bohari.