Mama Mkwe Ndani ya Gauni

Nilikuwa nimeoa miaka kumi na moja, na mama mkwe wangu nilimjua kwa kandambili tu. Kwetu sisi watu wa kaskazini ya Katanga, mama mkwe hatazamwi usoni wala hashikwi mkono, na ukimwona anakuja njiani unaingia kwenye majani kama mtu aliyeiba kuku. Ipo karamu ya kuondoa hiyo haya, mnapika, mnakula, mnaanza kuonana. Yetu sisi iliahirishwa kila mwaka, mara msiba, mara mvua. Basi alipokuwa anakuja kwetu mjini, Katuba, kututembelea, yeye akiingia kwa mlango wa mbele mimi natokea wa nyuma. Vidole vyake vya miguu ningeweza kukuchorea. Pua yake sikuijua.

Na mimi ni fundi wa nguo. Ona sasa balaa.

Mwaka huu alikuja kutoka Kilwa, Kilwa ya huku Katanga, kwa jambo kubwa. Yeye na baba mkwe wameishi miaka arobaini kwa ndoa ya mahari tu, na hatimaye padri wa huko alikubali kuwafungisha kanisani, Jumapili, pamoja na wazee wengine. Mama alitaka gauni jeupe, refu, la mikono mirefu, kama la bibi arusi msichana, maana ujanani hakulipata. Kushona ningeshona mimi. Kupima sikuweza. Mke wangu alimpima chumbani na kunipigia kelele za namba kupitia mlango. Kumbe mama aliona haya mkwe wake asikie unene wa mikono yake, akawa anamnong'oneza binti yake, "Punguza, punguza kidogo." Mke wangu akapunguza. Nami nikakata nilichoambiwa.

Jumatano jioni tulikuwa na sala ya jumuiya yetu ndogo. Pale kila familia huokota karatasi kwenye kikapu, na neno lililoandikwa unalishika wiki nzima. Mimi nilipata hili: mpende aliye mbele yako, sasa hivi. Nilifurahi sana, nikaona limeniangukia la rahisi. Nikalipangia siku: Ijumaa saa kumi ningemtembelea mzee wetu mgonjwa, nimpelekee sukari. Mtu wa kazi nyingi lazima aupangie upendo saa yake, au sivyo?

Kesho yake, Alhamisi, kamyo ya Kilwa, lori la mizigo na watu, ilikuwa inaondoka saa tano, na nyingine mpaka wiki ijayo. Mke wangu alikuwa amekwenda na wamama kufagia kanisa, watoto wako shule. Mimi niko barazani na mashini yangu, mama mkwe yuko chumbani, analijaribu gauni mara ya mwisho kabla ya kulikunja. Saa tatu nikasikia kishindo, halafu sauti kama ya mtu aliye ndani ya gunia.

"Kuko muntu?"

Ninakiri hapa mbele yenu, nilibana pumzi.

"Kuko muntu? Nguo imenifunga. Mikono iko yulu, haishuke."

Nilitoka mbio barabarani kutafuta mwanamke, mwanamke yeyote, hata yule jirani tusiyesalimiana. Hakuna. Wote wamekwenda na mifagio yao. Nikamkuta mzee anayeziba mipira ya baiskeli, nikamweleza. Akafikiri, akasema, "Miye ningekimbia," akarudi kwenye kazi yake. Msaada gani huo!

Nilirudi nimekasirika. Nilimkasirikia mzee wa mipira, wamama na mifagio yao, na zaidi Mungu, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwambia Ijumaa. Nilisimama pale mlangoni nikimlalamikia kabisa. Huyu hayuko mbele yangu, nilimwambia, huyu kwa desturi anatakiwa kuwa nyuma yangu. Chumbani mama akaanza kulia kidogo kidogo, mle ndani ya nguo. Alikuwa anasema, "Kamyo itaniacha. Muzee atasimama peke yake mbele ya padri."

Hapo moyo ukanichoma. Nikachukua wembe wa kufumulia nyuzi, nikaingia kinyumenyume.

Nikagonga kitanda. Nikakanyaga ndoo. Mkwe kuongea na mama mkwe uso kwa uso haiwezekani, kwa hiyo nikaongea na kabati.

"Kabati, uulize mama, nguo inakamata wapi?"

Ile sauti ya gunia ikajibu, "Kabati, umwambie inakamata ku makwapa. Na umwambie asicheke."

"Kabati, umwambie mama sicheki."

Nilikuwa nacheka. Nilijiuma mdomo mpaka machozi.

Nikafumba macho na kuupeleka mkono nyuma, nikipapasa mshono kwa kidole, wembe kwenye mkono wa pili. Nikashika kitu laini. Kilikuwa sikio, chini ya kitambaa.

"Kabati," mama akasema polepole, "umwambie huyu mutoto afungue macho. Akinikata shingo, ndoa itakuwa ya nani?"

Nikageuka, nikafungua macho. Mbele yangu palikuwa na gauni jeupe lililosimama, mikono miwili imenyooka juu, kichwa hakuna. Kwa uoga nilitazama mshono tu. Nilijiambia, mshono ni kazi yangu, mshono si mkwe wa mtu. Nikafumua kwapa la kulia, nikafumua la kushoto, gauni likashuka kwa mara moja, na uso wake ukatokea katikati ya kola.

Ana pengo dogo la meno, kama la mke wangu. Pua ni ya mtoto wangu wa pili. Miaka kumi na moja nilimpa mgongo nikidhani ndiyo heshima yote, na nyumba yangu nzima ilikuwa imejaa sura yake. Nikaona haya nyingine, siyo ile ya desturi.

Hakuna aliyeongea na kabati tena. Nikatoka, akalivua na kunipitishia mlangoni, nikatia kipande cha kitambaa kilichobaki chini ya kila kwapa, nikashona kama ninayefukuzwa na polisi, akavaa tena na kuniita, akainua mikono na kuishusha, ikashuka. Akasimama wima.

"Sasa uniangalie muzuri," akasema. "Iko sawa? Hakuna mwingine wa kuniambia."

Nikamtazama kuanzia kola mpaka pindo, kama ninavyomtazama bibi arusi yeyote aliyenipa kazi. "Mama, iko muzuri sana," nikasema. Akanishukuru kwa kichwa, nikatoka, naye akalikunja gauni.

Tulikimbilia kamyo, yeye mbele na mimi nyuma na begi kichwani. Tulifika injini inanguruma, na juu ya mizigo wamejaa wazee wa Kilwa wanaotujua, wakwe wa wakwe. Gurudumu lilikuwa refu kuliko mguu wake. Alijaribu mara mbili, akateleza. Wa juu wanavuta mikono, hapandi. Nikaweka begi chini, nikainamisha bega, nikamsukuma mama mkwe wangu kwa nyuma mpaka juu, mchana kweupe, mbele ya watu wote.

Mama mmoja kule juu akaziba mdomo kwa kikwembe, kitenge alichojifunga, kisha akamuuliza mama mkwe kwa sauti tuliyoisikia sote, "Huyu haiko mukwe wako, mwenye anakusukuma vile?"

Mama akaketi kwenye gunia, akakumbatia mfuko wa gauni lake.

"Mukwe nimemuacha ku nyumba," akajibu. "Huyu ni mutoto wangu."