Dereva Aliyeanza Kulala Kwake

Tangu aoe, Kitavi alikuwa akiendesha lori la makontena kati ya bandari ya Mombasa na mpaka wa Malaba. Mkewe, Munyiva, aliishi Dagoretti Corner, nyuma ya maduka, akishona sare za shule. Kitavi alikuja, akaoga, akala, akalala siku mbili, akaondoka. Majirani walimsifu kuwa mume mtulivu.

Kisha makontena yakaanza kupanda treni. Mzigo ulishushwa melini, ukapakiwa kwenye mabehewa palepale bandarini, ukafika Nairobi bila kuhitaji Kitavi. Tajiri wake, Muchiri, hakumfuta kazi. Alimweleza kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa akichukua makontena kituo cha mizigo cha Embakasi na kuyapeleka kwenye maghala ya mjini na ya Waiyaki Way.

"Utakuwa unalala kwako," Muchiri akasema, kama mtu anayetoa zawadi.

Jumatatu jioni Kitavi akaingia nyumbani. Jumanne akaingia tena. Jumatano Munyiva alimuuliza kwa upole kama kuna kitu amesahau.

Hakuwa anamchukia. Alikuwa na utaratibu wake tu. Kiti cha karibu na dirisha kilikuwa chake, kwa sababu ya mwanga. Wanawake wa kanisa waliokuja kwa maombi kila Alhamisi sasa waliomba kwa kunong'ona, kwa kuwa katika chumba cha pili kulikuwa na mwanamume anayetazama mpira bila sauti. Kitavi naye alijitahidi. Alipanga vyombo vya jikoni jinsi anavyopanga shehena, vizito chini, na Munyiva akasonga ugali kwa kijiko kwa sababu mwiko haukuonekana.

Mezani hawakuwa na la kusema. Kitavi alimweleza alichobeba siku hiyo: vigae. Kesho yake, vigae tena.

Jioni moja, akitoka kazini, mvua ilimzuia Adams Arcade. Akajikinga nje ya duka, akampigia Munyiva kumwambia atachelewa. Hapo ndipo walipoongea. Alimsimulia kuhusu mlinzi wa ghala anayefuga sungura kwenye kibanda cha lindo. Munyiva akamsimulia kuhusu mzazi aliyerudisha sare akidai imekuwa ndogo baada ya kufuliwa, kumbe mtoto amenenepa likizoni. Mvua ilikatika, wao wakaendelea. Ndoa yao yote ilikuwa ya simu, na kwa simu waliiweza.

Tangu siku hiyo Kitavi alishuka matatu Adams Arcade kila jioni, akampigia, akatembea mpaka nyumbani wakiongea. Siku moja Munyiva alimfungulia mlango simu ikiwa bado sikioni, na wakasahau kunyamaza.

Kisha Muchiri akamwita. Kulikuwa na mzigo wa Uganda, na reli mpya haikufika huko. Alitaka dereva anayeijua barabara. Kitavi alisema ataulizia nyumbani.

Munyiva alimsikiliza, akashona mpaka mwisho wa pindo.

"Wewe unataka kwenda?"

"Sitaki."

"Basi usiende. Lakini tununue kitanda. Hiki nilinunua cha mtu mmoja."

Jumamosi walikwenda kwa mafundi wa Ngong Road. Fundi aliuliza kitalaliwa na watu wangapi.

"Wawili," Munyiva alisema. "Kila siku."

Fundi akapima mbao, akaahidi wiki mbili. Kilichelewa.