Samaki Mwenye Kofia ya Kioo

Mwezi uliopita nilikuwa mkahawani Lubumbashi, na kijana wa kuhudumia akaniuliza kama nitakula capitaine. Nikacheka mpaka nikatoa leso. Maskini, alidhani nakicheka Kifaransa chake. Samaki alikuja, nikamla, alikuwa mtamu. Lakini wewe, rafiki yangu, acha nikueleze nilichokicheka, maana ni kisa cha Kashikishi, mji wa wavuvi nilikokulia, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati mimi nilikuwa msomaji mkuu wa mtaa mzima na sina hata chembe ya haya.

Tuliishi nyuma ya soko, hatua chache kutoka ziwani. Bibi yangu alikuwa mtu wa ng'ambo, upande wa Kongo, aliyeolewa huku, na kazi yake ilikuwa kukausha chisense, wale samaki wadogo kama njiti za kiberiti. Walianikwa mchangani, na sisi watoto tuliwekwa pale kufukuza kuku na kunguru. Ilikuwa kazi ya kukaa. Unakaa, unapiga kelele, unamtupia kuku kijiti, unakaa tena. Mchana bibi alituletea muhogo wa kuchemsha na karanga. Mikono yetu ilinuka samaki hata Jumapili kanisani, na hakuna aliyejali, kwa sababu kanisa zima lilinuka vilevile.

Jirani yetu, mama mfanyabiashara, alileta bidhaa kutoka Lubumbashi: sabuni, betri, vitenge, na sahani za bati ambazo yeye aliziita vaisselle. Safari moja akaleta katoni ya sanamu za plastiki, urefu wa kidole, za watu wa anga. Huyu ana bunduki ya mwanga, yule ana mikono minne. Kila sanamu ilikuwa ndani ya pakiti yake pamoja na kijitabu chembamba cha Kifaransa, chenye kipande cha hadithi ya watu haohao. Sanamu kumi na mbili, vipande kumi na viwili. Wavuvi wa kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwani kwetu, waliwanunulia watoto wao sanamu, vijitabu wakaviacha mezani. Wangevifanyia nini? Shule zetu ni za Kiingereza, nyumbani ni Kibemba. Jirani akanipa mimi.

Na mimi Kifaransa nilikijua, nakwambia. Nilijua maneno yote ya meza ya jirani. Yaliyobaki nilikisia, na nilikisia kwa sauti kubwa, kwa Kibemba kilichochanganyika na Kiswahili cha bibi.

Mkubwa wa hadithi aliitwa capitaine. Pale sokoni kila mtu alijua capitaine ni nini: ni yule samaki mkubwa wa Ziwa Tanganyika, anayeletwa vipande vipande na chumvi yake. Sanamu yake ilithibitisha. Koti la rangi ya fedha lenye magamba, macho ya duara, kofia ya kioo kichwani. Nikawaeleza wenzangu kwamba ndani ya kofia kuna maji, ndiyo anayopumua. Kijitabu cha kwanza kilisema capitaine ameondoka na vaisseau yake. Vaisseau, vaisselle, kwangu lilikuwa neno moja, basi nikasoma: samaki ameondoka na sahani yake. Unaona ilivyokaa sawa? Samaki aliyekuwa tayari kuliwa ameinuka, ameruka angani na sahani, na binadamu wenye njaa wanamfukuza nyota hadi nyota. Watoto wakasahau kuku. Kuku wakashiba chisense wiki nzima, na bibi, badala ya kutuchapa, akaleta kigoda akakaa karibu.

"Soma, mama," aliniambia. "Batamukamata?"

Mwaka huo vita ikawaka tena ng'ambo, na maboti yakaanza kuleta watu badala ya bidhaa. Jirani akampokea dada yake pamoja na binti wa dada huyo, msichana wa umri wangu, mwenye sketi ya bluu ya shule. Baba wa msichana alibaki ng'ambo kulinda nyumba na nyavu. Alisema angefuata na boti nyingine. Msichana alikaa mkekani kwetu siku moja tu, akasikiliza, kisha akasimama.

"Haiko vile," alisema. "Capitaine haiko samaki. Njo mukubwa wa boti. Na vaisseau njo boti ya kwenda mu mbingu. Weye unasoma bongo."

Bongo kwao ni uongo. Uso ulinichoma. Wenzangu walinitazama, na nilijua kwamba nikishindwa hapo nitarudi kuwa mfukuza kuku kama wengine. Nikamwambia kijitabu cha kumi na mbili, cha mwisho, atasoma yeye kwanza, kisha mimi, halafu watu wachague. Akakubali bila kupepesa macho.

Alisoma vizuri mno, sikufichi. Alisoma Kifaransa, akakigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi, na hata bibi akatikisa kichwa kwa heshima. Nikajua nimekwisha. Chombo kilikuwa kinaungua. Capitaine akawapandisha watu wake wote kwenye vyombo vidogo, wanawake na watoto kwanza, akawaambia watangulie, yeye atafuata. Akabaki peke yake.

Hapo msichana akaacha kusoma kwa sauti. Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja. Niliyaona macho yake yakishuka mstari kwa mstari mpaka chini. Kisha akaninyooshea kijitabu.

"Soma weye," alisema. "Ya kwako njo muzuri."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, niliyeitaka sana ile nafasi, sikuifurahia.

Vijitabu vile vilioza kwa mvua, sanamu zilipotea mchangani, bibi hayupo tena. Kabla ya mvua, msichana na mama yake walipanda lori la kwenda kambi ya wakimbizi, na sijui kama baba yake aliwahi kufika. Nimeuliza Kashikishi, nimeuliza mpaka Pweto, kule ng'ambo. Kifaransa nilikuja kukisoma sawasawa, na leo ndicho kinachonilisha. Ningeupata ule ukurasa ningeweza kuusoma wote bila kukosea neno. Siutaki.

Siku ile nilisoma polepole, kidole juu ya mstari, na kwa mara ya kwanza nilijua kabisa kwamba nasema uongo. Nilisoma kwamba moto umemfikia samaki, naye ameruka majini, kwa sababu samaki hafi maji, na anaogelea. Msichana alikuwa amesogea mpaka goti lake limegusa langu.

"Atafika?" aliuliza.

Maandishi yalikuwa yamekwisha. Nikaendelea kusoma. Nikasoma kwamba watu wake wako ufukweni wanamngoja, wamemtandikia mkeka, na kwamba amefika.