Zamu ya Dada Kwenye Ndiva

Kosa la kwanza ni kwamba niliropoka. Watoto wa dada yangu walikuwa wanapanga kwenye kundi la simu sherehe ya mama yao kutimiza miaka sitini: huyu keki, yule turubai na viti, mwingine muziki. Mmoja akaandika kuwa ingependeza mama apate zawadi za kumkumbusha utoto wake kule milimani. Nikadakia papo hapo: hiyo mniachie mimi mama yenu mdogo, nani mwingine anayeujua utoto wake? Wakanimiminia vikatuni vya makofi. Nikatembea na kichwa kimevimba siku tatu nzima.

Dada ananizidi miaka tisa. Yeye kifungua mimba, mimi kitindamimba, na kaka zetu wa katikati siku zote walikuwa na mbuzi wao huko. Mama alishinda shambani, kwa hiyo mimi nililelewa mgongoni mwa dada. Nikisema mgongoni nina maana ya mgongoni kabisa. Mpaka leo nikifumba macho naiona dunia ilivyokuwa kutokea pale: sauti yake inapita kwanza mbavuni mwake ndipo inifikie, ukungu umeshuka mpaka mlangoni, migomba inadondosha maji, na njia inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, wala mimi sichoki.

Basi nikapanda mlimani kutafuta. Nyumba yetu ya zamani iko juu ya Makanya, siku hizi anaishi humo wifi yangu. Kwenye sanduku la marehemu mama nikakuta kanga iliyokuwa mbeleko yangu, imechakaa hadi maandishi hayasomeki. Nikainusa. Haikunuka kitu zaidi ya sanduku, lakini mimi niliapa kuwa nimesikia moshi. Nyuma ya jiko, kwenye magugu, nikaliona jiwe la kusagia, limebonyea katikati kwa kazi ya miaka. Loo! Mlio wa jiwe lile ndio ulionilaza utoto wangu wote. Krr, krr, krr, mahindi yanageuka unga, mvua inapiga nje, dada anaimba kidogo kidogo kwa Chasu, lugha ya kwetu, na mimi kwenye gunia langu nazama taratibu, sijui wimbo unaishia wapi na usingizi unaanzia wapi. Nilikaa chini nikalishika lile jiwe nikalia, wifi akanitazama akaendelea kuchambua maharage.

Mwenye bodaboda alilizunguka jiwe mara mbili.

"Mama, na hili ni abiria?"

"Ni abiria, tena mtu mzima. Usilikimbize."

Tukalifunga kwa mpira nyuma yangu, likanisukuma kiuno mteremko mzima hadi barabara kuu. Mpaka nafika kwangu Same mjini nilikuwa natembea kama mjamzito. Lakini roho ilikuwa nyeupe.

Sebuleni nikatandika mkeka, nikavipanga: mbeleko, jiwe, na ndoo ya bati ambayo dada alikuwa akichotea maji kisimani. Kila jioni nilivitazama nikaona mambo yamekwisha, kwamba siku hiyo dada atavishika atalia, na hapo ndipo atajua kuwa sijasahau hata kimoja. Maana sijawahi kumwambia ahsante. Huo ndio ukweli. Miaka yote hii nimekula mgongo wa mtu na sijawahi kufungua mdomo, na zawadi hii ndiyo ilikuwa inisemee.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, dada akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa ananiletea tangawizi, na mjukuu wake mdogo yuko mgongoni. Nyumba yake imejaa wajukuu, hakosi mmoja wa kubeba. Sikuwahi hata kuutupia mkeka shuka.

Akasimama. Akakiangalia kimoja kimoja. Akaishika ile kanga kwa vidole viwili.

"Hii ilikuwa inanikata bega," akasema. "Hapa."

Akanionyesha pale. Kisha akaliona jiwe, na hapo akacheka, kicheko cha kweli, hadi mjukuu akaamka.

"Na hili limefikaje? Mimi nilidhani tumeshaachana!"

"Dada, hukumbuki? Ulivyokuwa unasaga, unaimba, mvua inanyesha..."

"Mdogo wangu," akasema, bila hasira hata chembe, "wewe ulikuwa umelala. Mimi nilikuwa nasaga."

Nikanuna. Nina miaka hamsini na moja lakini kununa najua bado. Nikaenda jikoni nikagonga sufuria bila sababu. Ilinichoma kwa sababu ilikuwa kweli: kila nilichokusanya kilikuwa utoto wangu mimi, na kwake yeye kilikuwa kazi. Yaani nilikuwa nimemnunia mtu kwa kukataa kufurahia mzigo niliokuwa mimi mwenyewe.

Niliporudi na chai nikamuuliza swali ambalo, haki ya Mungu, sikuwahi kumuuliza maishani.

"Basi wewe ulikuwa unapenda nini?"

Akambembeleza mtoto, akapuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa.

"Ndiva," akasema.

Ndiva ni bwawa letu la udongo na mawe kule juu. Maji ya kijito yanajaa humo usiku kucha, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mfereji kwenye mashamba kwa zamu. Kila nyumba ilipeleka mtu alinde zamu yake, akae pale tangu kupambazuka mpaka maji yafunguliwe. Kwetu aliyekwenda ni dada.

"Ukishakaa zamu hakuna anayekutuma," akasema. "Huwezi kuondoka, mtu atakuibia maji. Kwa hiyo unakaa tu. Mawingu yako juu, na mengine yako kwenye maji. Huko chini Makanya treni inapita ndogo kama siafu, huisikii. Ukitaka unalala chali. Na wewe ulikuwa huruhusiwi kuja, mama aliogopa utatumbukia." Akaniangalia, akatabasamu kidogo kama mtu anayeomba radhi. "Pale nilikuwa sina mtu mgongoni."

Nikakumbuka. Kumbe hata mimi nilikuwa na kumbukumbu ya zamu hizo, ila ya upande wa pili. Kulikuwa na kona ya njia, penye mparachichi, ambapo aliniacha kila siku ya zamu. Nilijitupa chini nikalia kama ninachinjwa. Nikizidisha, alikuwa anageuka, anarudi, ananibeba hadi nyumbani, halafu anapanda upya mbio kuiwahi zamu. Miaka yote nilijua nalilia dada anayekwenda kuteseka na baridi. Kumbe alikuwa anakwenda kupumzika, na mimi namkatia njia.

Siku yenyewe nilimchukua kwa gari la kukodi kungali na giza. Nikamwambia tunakwenda kumsalimia wifi, akaniambia mimi ni mwongo mbaya lakini twende. Mjukuu nilimwacha kwa mama yake, akalia, nikaziba masikio. Kule juu kuna mgawa maji anayepanga zamu za ndiva, nilikuwa nimeshaongea naye tangu wiki iliyopita. Alikuwa amenisikiliza kwa heshima zote.

"Sasa mama, anakuja kukaa kufanya nini?"

"Kukaa."

"Hana shamba la kumwagilia?"

"Hana. Wewe mpe zamu tu."

Tulipofika penye mparachichi kulikuwa kumekucha, ukungu umelala mabondeni kama maziwa. Nikasimama. Dada akapiga hatua tatu nne, akageuka.

"Huji?"

Nilitaka kwenda. Nilitaka sana nimwone uso wake akiyaona maji, nikae karibu, nimwambie yote. Zawadi ilikuwa yangu jamani, nimeitafuta kwa jasho!

"Mimi siruhusiwi," nikamwambia. "Nitatumbukia."

Akaniangalia. Hakucheka. Akavua viatu, akavishika mkononi, akapanda peke yake, mikono inaning'inia, mgongo wake umenyooka kwenye lile gauni la kitenge. Sikumbuki kama nimewahi kuuona mgongo wa dada ukiwa mtupu.

Jua lilipopanda simu ikaanza. Keki imefika, turubai limefungwa, mama yuko wapi, wageni watakuja, mama mdogo umempeleka wapi mama? Nikawajibu kwamba mama yao yuko zamu, na mtu akiwa zamu hatumwi. Nikaizima.

Kukawa kimya. Huko juu hakukusikika kitu, si wimbo, si kikohozi. Nikakaa kwenye mizizi ya mparachichi, pale pale, na machozi yakaanza kunitoka, ahsante yote ya miaka hamsini ikinijia kwa pamoja. Nikalia sana, lakini nikiwa nimeuma kanga mdomoni, asije akanisikia akarudi.